Joto la kaskazi lisomwe usiku

Swali limetoka kwa mama mmoja anayejenga Kigamboni:

"Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tuna nyumba imefika usawa wa lenta, si mbali na bahari, na tumebakiza kupaua na kuweka madirisha. Nimepata takwimu za wastani za kituo cha uwanja wa ndege wa Julius Nyerere: Februari joto la juu ni kama nyuzi 32, la chini ni 24 au 25. Nilisoma Dodoma miaka mitatu. Huko Novemba joto la juu linafika 31, karibu sawa na la huku, lakini tulikuwa tunalala tumejifunika shuka. Hapa tulipopanga mtoto analia usiku kucha kwa joto. Je, takwimu hizi ni za kweli? Naweza kuzitegemea kwa kiwanja changu, wakati kituo kiko upande mwingine wa mji? Halafu baba mkwe, mvuvi mzaliwa wa Makunduchi, anasema siku hizi joto la kaskazi linachelewa kuingia na linachelewa kutoka. Nitahakikisha vipi? Na madirisha tuyaelekeze wapi?"

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu watu wengi huniuliza mwezi gani una joto wakaishia hapo. Wewe umeshika takwimu mkononi, ukaona hazifanani na jasho la mwanao, ukauliza kwa nini. Huo ndio mwanzo wa kuzielewa.

Takwimu zako ni za kweli. Ila umesoma safu isiyokuhusu. Umelinganisha joto la juu, yaani joto la saa nane au saa tisa mchana, wakati wewe mwenyewe uko kazini na mtoto yuko kivulini. Linganisha la chini. Dodoma, iliyo juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Novemba hushuka hadi nyuzi 18 au 19. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Februari, huishia 24 au 25, na hapo ni alfajiri, saa ambayo hewa imepoa kuliko saa nyingine yoyote ya siku nzima. Mchana mmepishana kwa nyuzi moja tu, lakini usiku mmeachana kwa nyuzi sita. Nyuzi hizo sita ndizo zinazomliza mtoto.

Sasa kwa nini usiku wa pwani hautaki kupoa? Nilipoanza kazi ya kupima hali ya hewa nilipelekwa kituo cha pwani, zamu ya usiku. Saa tisa usiku unatoka na tochi, unavuka majani yenye umande, unafungua mlango wa kibanda cheupe chenye mbao za kuachiana nafasi, kile kiitwacho kibanda cha Stevenson. Ndani kuna vipimajoto viwili vimesimama pamoja. Kimoja ni kikavu. Cha pili tufe lake la chini limevishwa kitambaa chembamba, na utambi wake umezama kwenye kichupa cha maji. Maji yakikauka kutoka kwenye kitambaa hupoza kipimajoto, kama jasho linavyopoza ngozi. Hewa ikiwa kavu, kile chenye maji hushuka sana chini ya mwenzake. Usiku mmoja wa Februari nilisoma kikavu 25.8, chenye maji 25.0. Nikafuta kioo kwa kidole nikadhani nimekosea. Nikasoma tena, ni vilevile. Tofauti ya nukta nane tu. Maana yake kitambaa kile kilikuwa kimelowa na hakikauki, na ngozi ya kila mtu aliyelala mji ule usiku ule ilikuwa katika hali hiyohiyo.

Vipimajoto hivyo viwili vinakupa namba ya tatu, ambayo ndiyo ningependa uijue kuliko zote: kiwango cha umande. Ni joto ambalo hewa ikishuka hadi hapo, mvuke uliomo unaanza kugeuka maji kwenye majani na kwenye bati. Usomaji wangu wa usiku ule unatoa kiwango cha umande cha nyuzi kama 24.7. Ukipata Dodoma, usiku wa Novemba, kikavu 19 na chenye maji 16, umande utakuwa karibu 14. Na hapa ndipo siri ilipo. Hewa ikishakaribia kiwango chake cha umande, haishuki tena kirahisi, kwa sababu mvuke ukigeuka maji huachia joto lililokuwa limejificha ndani yake. Halafu mvuke wenyewe hunasa joto ambalo ardhi inajaribu kulirudisha angani. Kwa hiyo kiwango cha umande ni kama sakafu: usiku utateremka mpaka pale, basi. Sakafu ya Dodoma iko mbali chini. Ya kwako iko palepale unapolala.

Aliyeinua sakafu hiyo ni bahari. Kuanzia Januari hadi Aprili maji ya juu ya bahari yetu huwa na nyuzi kati ya 28 na 30, na yakifika Agosti hushuka hadi 25 au 26. Hewa inayolala juu ya maji ya nyuzi 29 haiwezi kukuletea usiku wa nyuzi 19. Kaskazi yenyewe, upepo unaotoka kaskazini mashariki tangu mwishoni mwa Novemba mpaka Machi, haileti mvua nyingi, ndiyo maana Januari na Februari tunaziita kiangazi. Lakini kutokuwa na mvua si kuwa na hewa kavu. Hapa ndipo wageni kutoka bara hupotea. Wanaona jua kali, anga la buluu, vumbi, wanadhani ni ukavu wa kwao.

Umeniuliza Februari, na mimi nakuomba usiisahau Machi. Kwenye karatasi yako Machi inafanana na Februari, hata pengine iko chini kidogo. Ukiuliza watu wa pwani mwezi gani hawalali, wengi watakutajia Machi, na wako sahihi. Machi haiongezi nyuzi, inaondoa upepo. Kaskazi inakatika, kusi haijashika, mabaharia wanasema ni tanga mbili. Bahari wakati huo imefikia ujoto wake wa juu, na jua liko utosini kabisa. Kwa latitudo ya Dar es Salaam jua hupita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 3 Machi na tena karibu na tarehe 11 Oktoba. Karatasi yenye safu ya joto tu haikuonyeshi upepo uliokufa. Ukiomba takwimu, omba na upepo wa saa tatu usiku na wa saa tisa usiku. Mwezi wenye nyuzi 25 na upepo, na mwezi wenye nyuzi 25 bila upepo, kwa mtu aliyelala ni miezi miwili tofauti.

Na ukienda kuomba, omba za kila siku. Wastani wa mwezi ni mzuri kwa vitabu vya shule. Kwa mjenzi unaficha mno. Wastani wa 25 unaweza kutoka kwenye usiku 28 wote wa 25, au nusu yake 23 na nusu nyingine 27, na nyumba mbili tofauti zinahitajika kwa miezi hiyo miwili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa takwimu kwa maombi ya maandishi, na nyingi hulipiwa, kwa hiyo andika barua inayosema wazi: joto la chini na la juu la kila siku, unyevunyevu au kiwango cha umande, mvua ya kila siku, upepo wa usiku, kwa miaka 30 ukiweza. Miaka 30 si namba ya kubahatisha. Ndiyo muda ambao Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutumia kukokotoa wastani wa kawaida wa mahali. Unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Bado utakuta karatasi na tovuti zenye wastani wa 1961 hadi 1990. Usizichanganye. Ukichukua Februari ya karatasi moja na Julai ya nyingine, tofauti utakayoipata si ya majira, ni ya vizazi viwili.

Takwimu zikifika, usikimbilie kuzijumlisha. Kaa nazo jioni moja uzitazame kwa macho, safu kwa safu. Mimi nimeandika daftari hizo kwa miaka mingi, najua mkono wa binadamu unavyoteleza usiku. Utakuta siku ambayo joto la chini limezidi la juu. Hilo haliwezekani, futa zote mbili. Utakuta 24.1, 24.3, 19.2, 24.0, katikati ya Februari, hiyo 19.2 karibu hakika ilikuwa 24.2, kwa sababu vipimajoto vya zamani husomwa kwa mistari na jicho lenye usingizi huruka nyuzi tano nzima. Utakuta nafasi wazi, siku ambayo hakuna aliyesoma. Nafasi wazi si sifuri. Nimeona ripoti ya mradi mmoja mkubwa ambamo Excel ilijaziwa sifuri kila palipokuwa wazi, na mji wa pwani ukatoka una usiku wa baridi kuliko Makambako. Kwenye mvua hatari ni kubwa zaidi, maana sifuri ya mvua inaaminika: mwezi uliokosa msomaji kwa siku kumi unaonekana mkavu, na mtu anapanga kuezeka kwa kuuamini.

Jambo jingine dogo la mvua. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi. Mvua iliyokunyeshea jana alasiri imesomwa leo. Vituo vingine huiandika kwenye tarehe ya kusoma, vingine huirudisha nyuma siku moja. Uliza. Ukilinganisha daftari lako na lao bila kujua hilo, utasema kipimamvua chao ni kibovu kumbe mmepishana siku tu.

Tuje kwenye kiwanja chako. Hapana, namba za uwanja wa ndege si namba za Kigamboni. Kituo kiko kilomita kadhaa ndani ya nchi kavu, juu ya majani ya wazi, kama mita 55 kutoka usawa wa bahari. Mchana pale pana joto kuliko kwako, kwa kuwa upepo wa bahari unakufikia wewe kwanza. Usiku inageuka: majani ya wazi mbali na maji hupoa haraka, wewe jirani yako ni bahari yenye nyuzi 29. Kwa hiyo usiku wako utakuwa na joto zaidi ya karatasi, nayo ndiyo saa inayokusumbua. Hata hivyo usiitupe karatasi. Kituo kina kitu ambacho wewe huna: miaka. Wewe una kitu ambacho kituo hakina: kiwanja chenyewe. Kazi ni kuviunganisha.

Nunua kipimajoto cha kidijitali kinachotunza joto la juu na la chini la siku, chenye unyevunyevu kama mfuko unaruhusu. Kitundike kwenye kiwanja, mita moja na nusu kutoka chini, mahali pa majani au udongo, si sakafu ya saruji. Kisiguse ukuta, kisiwe chini ya bati tupu. Kibanda chake kinatengenezeka nyumbani: sahani nyeupe za plastiki sita au saba, kata matundu katikati ya zote isipokuwa ya juu, zifunike kifudifudi, zipange kwenye misumari mirefu zikiachiana upana wa vidole viwili, kipimajoto kikae ndani. Hewa inapita, jua halifiki. Mlinzi wa kiwanja asome kila siku saa moja asubuhi, aandike, abonyeze kitufe cha kufuta. Umeniandikia Desemba imeanza. Ukianza wiki hii utakuwa na usiku 40 kabla Januari haijaisha.

Kisha omba takwimu za kituo za siku hizohizo 40, toa namba ya kituo kwenye namba yako, siku kwa siku. Tuseme, kwa mfano, wastani wa tofauti umetoka 1.3, kwako kuna joto zaidi. Angalia pia kama tofauti hiyo inacheza sana: ikiwa usiku wenye upepo inakuwa 0.5 na usiku uliotulia inakuwa 2, andika zote mbili, maana hapo umejifunza kitu kuhusu kiwanja chako ambacho hakuna mtaalamu angekwambia. Sasa rudi kwenye miaka 30 ya kituo. Ukitaka kujua ni usiku mangapi wa Februari kwako hauteremki chini ya nyuzi 26, hesabu usiku ambao kituo hakikuteremka chini ya 24.7. Umeshapata historia ya miaka 30 ya kiwanja ambacho miaka 30 iliyopita labda kilikuwa minazi.

Programu ya hali ya hewa ya kwenye simu haitakusaidia kwa hili. Namba inayokuonyesha mara nyingi haikupimwa na mtu, imekokotolewa kwa mraba wa kilomita kumi, ishirini au zaidi, na mraba wako nusu yake ni bahari. Kwa mpango wa kesho inafaa. Kwa ukuta utakaodumu miaka hamsini, hapana.

Kuhusu baba mkwe, naomba umwambie namsalimu sana, na kwamba anasema mambo mawili kwa pamoja, ambayo lazima tuyatenganishe.

La kwanza ni joto. Chukua takwimu za kila siku, na kwa kila msimu wa joto tafuta tarehe ambayo kwa mara ya kwanza usiku mitano mfululizo haikushuka chini ya nyuzi 24, kisha tarehe ya mwisho ya namna hiyo kabla kusi haijapoza. Usitumie usiku mmoja mmoja. Usiku mmoja ni bahati. Panga tarehe za mwanzo kwa mfuatano, ugawe miaka mafungu mawili, ya awali na ya karibuni, na katika kila fungu chukua tarehe iliyokaa katikati, usichukue wastani. Iliyo katikati haiyumbishwi na mwaka mmoja wa ajabu. Na miaka ya ajabu tunayo. Msimu wa 1997/98 wa El Nino mvua za vuli hazikukoma, zikaingia mpaka Januari na Februari, na mawingu yakabadilisha mchana na usiku. Mwishoni mwa 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli ikawa ya mafuriko. Mtu akianza hesabu yake 1997 na mwingine akaianza 1999, watatoka na majibu mawili kwa kituo kimoja. Nimewaona wakibishana.

Ukifanya hivyo kwa uwanja wa ndege, natarajia utaona usiku wa joto umeongezeka. Ndivyo kumbukumbu za vituo vingi vya nchi yetu zinavyoonyesha. Lakini bado usimpe baba mkwe ushindi wote, kwa sababu kituo hicho kimezungukwa na mji. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu kama 273,000. Ya 2022 iliukuta mkoa na watu 5,383,728. Bati, lami, ukuta wa bloku, vyote hunywa joto mchana na kulitema usiku, na hupandisha joto la chini hasa, lile lile tunalolipima. Kwa hiyo rudia hesabu kwa kituo kisicho na mji mkubwa jirani, Mtwara au Kilwa kwa mfano. Kinachoonekana kote ni cha hali ya hewa. Kinachoonekana uwanja wa ndege peke yake ni cha mji. Na usidhani sehemu ya mji si joto halisi. Mwanao analala ndani yake. Tofauti ni kwamba sehemu hiyo unaweza kuipunguza kwa kupanda mti, nyingine huwezi.

La pili ni tarehe, na hapa nakuomba umuulize mzee kwa adabu anahesabu vipi. Wavuvi wa kusini mwa Unguja wa umri wake wengi walilelewa na hesabu ya Nairuzi, ile ya Mwaka Kogwa: siku zinahesabiwa kwa makumi, mwongo baada ya mwongo, tangu siku ya mwaka. Ni kalenda ya jua, na ni kazi ya akili kubwa. Wazee walijua mwongo gani kaskazi inashika, mwongo gani ya kupanda, mwongo gani chombo kisitoke. Lakini mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauna siku ya nyongeza kila mwaka wa nne. Jua haliendi hivyo. Kwa hiyo kila miaka minne siku ya mwaka inawahi kwa siku moja kuliko majira. Mtu aliyejifunza miongo akiwa na miaka kumi, leo ana sabini, kalenda yake imekwishasogea siku 15. Kaskazi ikiingia tarehe ileile ya jua kama alipokuwa mtoto, katika hesabu yake itaonekana imechelewa siku 15. Na itachelewa kutoka siku 15. Hayo ndiyo maneno yake hasa: inachelewa kuingia, inachelewa kutoka.

Sisemi amekosea. Namwamini kwamba usiku umekuwa mzito, na alichokiona juu ya upepo ni cha kweli ndani ya hesabu yake. Nasema kabla hatujalaumu bahari tuondoe kwanza zile siku 15 za kalenda, tuone kinachobaki. Kama amewahi kuandika popote, hata nyuma ya kitabu cha mahesabu ya samaki, tarehe ambazo upepo uligeuka, tafadhali piga picha kurasa hizo zote. Vituo vyetu vilivyopima upepo usiku kwa miaka mingi bila kukatika ni vichache, na mvuvi anayeutegemea kila alfajiri hakosi kuukumbuka.

Sasa nyumba. Kwa kuwa jua la msimu wa joto linapita karibu na utosi, linalopigwa zaidi ni paa. Hata tarehe 1 Januari, saa sita na nusu mchana, jua liko nyuzi kama 16 tu kusini mwa utosi. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unapata kidogo. Wa mashariki unapigwa asubuhi, na wa magharibi ndio adui, kwa sababu unapokea jua la saa kumi na kulitoa saa nne usiku mtoto akilala. Chumba cha mtoto kisiwe magharibi. Ikishindikana, weka baraza pana au panda mti upande huo mapema. Bati liwe la rangi hafifu, si la rangi ya damu ya mzee kwa sababu jirani ameweka. Chini yake acha hewa ipite kati ya bati na dari, itokee juu. Bati lenyewe hupoa haraka jua likizama. Dari iliyofungwa bila matundu ndiyo inayobaki na joto la saa nane mpaka saa tano usiku.

Madirisha yaelekee kaskazini mashariki kuupokea upepo wa kaskazi, lakini upepo hauingii chumba usichoweza kutoka. Kila chumba cha kulala kipate tundu la pili, upande wa pili, hata kama ni dirisha dogo la juu ya mlango. Na mweleze fundi jambo hili mapema: dirisha la alumini la kuteleza la futi tano linafunguka futi mbili na nusu tu, nusu nyingine ni kioo kilichofungwa maisha. La kufungua kama mlango linakupa futi zote tano. Kwa Januari na Februari hilo litakusaidia sana. Kwa Machi, upepo ukifa, hakuna dirisha litakalotosha, kwa hiyo weka nyaya za feni ya dari chumbani kwa mtoto tangu sasa, kabla fundi hajapiga lipu.

Usiache kupaua mpaka Machi iishe. Masika huanza katikati au mwishoni mwa Machi, na Aprili ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote kwa Dar es Salaam, wastani wake ni kama milimita 250. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita 80 za mraba litapokea kama lita 20,000 mwezi huo. Ukiweka mifereji na simtangi, hayo ni maji yako, na ukichelewa ni maji ya ndani ya kuta zako. Lakini hata hapo usitegemee wastani. Desemba 2011 zaidi ya milimita 150 zilinyesha Dar es Salaam ndani ya siku moja, katika mwezi ambao wastani wake wote hauifikii namba hiyo kwa kawaida, na bonde la Msimbazi likafurika. Ukubwa wa mfereji hupangwa kwa siku kama ile, si kwa wastani wa Aprili.

Siku 40 zikitimia nitumie daftari la mlinzi kama lilivyo, na mafuta ya taa yake na makosa yake, usilisafishe. Ongeza safu moja ya ziada ambayo kipimajoto hakiiandiki: saa ambayo mtoto ameamka.